Vitabu Vilivyotunzwa Nyumbani



Katika Waraka wa Pili kwa Timoteo twamwona Mtume Paulo akiwa kifungoni, mzee, amekwisha kujua kwamba siku zake si nyingi tena. Amwandikia mwanawe katika imani mambo mazito; kisha, karibu na mwisho wa barua, aomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa mtu aitwaye Karpo, na pamoja na joho vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Joho twaelewa, kwa maana majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Lakini vitabu je? Mtu anayengojea hukumu ya kifo ataka vitabu vya nini?

Mtume hasemi ni vitabu gani. Walakini yaonekana vilikuwa vimewekwa pamoja na joho, nyumbani kwa Karpo, Mkristu ambaye twajua jina lake na si mengi zaidi. Hapo ndipo tunapotaka kuanzia. Tukisikia habari za vitabu vya kale, mara nyingi twafikiri juu ya maktaba za wafalme na minara ya wamonaki. Lakini kwa miaka mingi ya mwanzo vitabu vya Kanisa vililala katika nyumba za watu wa kawaida, karibu na vyungu na mikeka ya watoto.

Yafaa kwanza tuseme kitabu cha siku zile kilikuwa kitu cha namna gani. Kwa Wayahudi, na kwa Wagiriki na Warumi pia, kitabu kilikuwa gombo refu lililoviringwa. Bwana wetu aliposimama kusoma katika sinagogi la Nazareti alipewa gombo la nabii Isaya, akalikunjua mpaka akapaona mahali alipopataka, kisha akalikunja na kumrudishia mtumishi. Magombo ya namna hii yalifanywa kwa ngozi, au kwa mafunjo yameayo kando ya mto Nile. Bua la mafunjo lilipasuliwa vipande vyembamba, vikapangwa tabaka mbili, moja imelala na nyingine imesimama, vikagandamizwa na kukaushwa juani. Gombo lilikuwa zuri, lakini lilitaka mikono miwili, na kwa kawaida liliandikwa upande mmoja tu.

Wakristu wa mwanzo walilichagua umbo jingine, ambalo matajiri wenye elimu hawakuliheshimu sana wakati ule: karatasi zilizokunjwa katikati, zikatiwa moja ndani ya nyingine, zikashonwa mgongoni. Ndicho kitabu tukijuacho sisi. Kiliandikwa pande zote mbili, kwa hiyo gharama ilipungua. Injili zote nne ziliweza kukaa ndani ya jalada moja. Msomaji aliweza kufungua katikati bila kukunjua kila kilichotangulia. Na jambo jingine si dogo: kitabu cha namna hii chafichika upesi chini ya nguo. Mabaki mengi ya Maandiko ya Kikristu yaliyofukuliwa katika mchanga wa Misri ni ya umbo hili, tangu zamani ambapo watu wengine walikuwa bado waandika magombo.

Sasa twende Afrika ya Kaskazini, katika mji wa Cirta wa nchi ya Numidia, ambao leo huitwa Constantine, katika Algeria. Mwezi wa Februari mwaka 303 Kaisari Diocletian alitoa amri kwamba makanisa yabomolewe na Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Angalieni akili ya adui. Alijua ya kuwa mtu huweza kufa na wengine wakaushika mfano wake, lakini watu walionyang'anywa kitabu watasahau polepole, wala hapatakuwa na kelele.

Tarehe 19 Mei mwaka ule msimamizi wa mji wa Cirta, jina lake Munatius Felix, alikwenda pamoja na makarani wake mpaka nyumba ambamo Wakristu walikuwa wakikusanyika. Karani aliandika kila neno na kila kitu, na maandishi yake yamebaki mpaka leo. Basi twasoma humo orodha ya mali ya Kanisa: vikombe viwili vya dhahabu, vikombe sita vya fedha, taa, na nguo nyingi, bila shaka kwa ajili ya maskini: kanzu 82 za wanawake, kanzu 16 za wanaume, jozi 47 za viatu vya kike na 13 za kiume. Kisha wakaingia katika chumba cha vitabu. Makabati yalikuwa matupu.

Askofu wa mji, aliyeitwa Paulo kama Mtume, alipoulizwa alijibu kwamba vitabu viko kwa wasomaji. Akaambiwa awaonyeshe. Hakuwataja yeye mwenyewe, bali alisema kwamba makarani wa serikali wawajua. (Jibu hili latuhuzunisha zaidi ya kukana waziwazi, ni jibu la mtu apendaye kuokoka na pia kuonekana hana hatia.) Mashemasi wadogo wawili, Catullinus na Marcuclius, walikuwa wamekwisha kutoa kitabu kimoja kikubwa sana. Walipoulizwa wasomaji wakaa wapi, walisema hawajui. Wakaambiwa, basi tajeni majina. Hapo ndipo waliposimama, wakasema wao si wasaliti, na kama ni kuuawa, wako tayari. Wakakamatwa.

Ndipo msafara ukaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Eugenius walipewa vitabu vinne. Kwa mtu aliyeitwa Felix vitano. Kwa Victorinus vinane. Kwa Projectus vikubwa vitano na vidogo viwili. Kwa Victor, mwalimu wa lugha, vitabu viwili na mikunjo minne, yaani karatasi zilizokunjwa tano tano pamoja. Akaambiwa, leta vingine; akajibu kwamba angekuwa navyo angevitoa. Euticius alisema hana kitu. Mwisho walifika kwa Coddeo. Mwenyewe hatajwi kuwapo. Mkewe ndiye aliyeleta vitabu sita. Wakaingia kupekua kama kuna vingine vilivyofichwa, wasione kitu.

Ukihesabu, vilikuwa zaidi ya 30 katika mji mmoja. Ni hazina kubwa kwa zama ambazo kila herufi iliandikwa kwa mkono, na yote ilitoka katika nyumba za watu jua moja. Twajiuliza juu ya yule mama. Hatujui kama alikuwa akijua kusoma. Lakini alijua vilipo, na alijua hesabu yake. Alivitoa, na hatuwezi kumsifu kwa hilo. Walakini kabla hajavitoa alikuwa amevitunza, naye alivitunza nyumbani.

Si wote waliovitoa. Katika mwaka ule ule Felix, askofu wa Thibiuca, aliambiwa alete Maandiko, akasema ni heri yeye mwenyewe achomwe kuliko vitabu vile, akauawa. Mwaka 304 Wakristu 49 wa Abitina, katika nchi iitwayo leo Tunisia, walikamatwa kwa sababu ya kukusanyika siku ya Bwana, wakapelekwa Kartago. Askofu wao alikuwa amekwisha kukabidhi vitabu, wao hawakumfuata. Miongoni mwao alikuwamo padri Saturninus pamoja na watoto wake wanne (siku zile wanaume wenye ndoa waliweza kupewa upadri), na wawili kati ya watoto hao walikuwa wasomaji wa kanisa. Mdogo kabisa, Hilarianus, alikuwa mtoto tu. Emeritus, naye msomaji, aliulizwa na liwali kama anayo Maandiko nyumbani kwake. Akajibu kwamba anayo, lakini yamo moyoni mwake. Jibu hili lilikuwa kweli tupu, wala halikuwa ujanja. Mtu aliyekuwa akisoma kwa sauti mbele ya watu kila Dominika, mwaka baada ya mwaka, alikuwa ameyameza.

Ujanja ulikuwa kwa askofu Mensurius wa Kartago. Yeye aliyaficha Maandiko, akaacha kanisani vitabu vya wazushi, na askari wakavichukua kwa furaha wakidhani wameshinda. Wapo waliomlaumu. Sisi, tukisema kweli, hatuwezi kuisoma habari hii bila kutabasamu.

Mateso yalipokwisha, waliotoa vitabu walipewa jina la Kilatini, *traditores*, maana yake waliokabidhi. Silvanus, aliyekuwa shemasi mdogo siku ile ya Cirta na kutoa vyombo vya fedha, baadaye alifanywa askofu wa mji ule ule. Mwaka 320 alishtakiwa, na yale maandishi ya karani yakasomwa barazani, mstari kwa mstari. Aliyesaidia kutoa vitabu vya watu alihukumiwa kwa karatasi. Na ugomvi juu ya nani alikabidhi na nani hakukabidhi uliligawa Kanisa la Afrika zaidi ya miaka 100, mpaka siku za Mtakatifu Augustino, aliyetaabika sana kuuponya.

Lakini neno hilo la Kilatini lina upande wa pili, nasi twataka kulitazama kidogo. Kitendo kilichozaa jina la aibu la *traditores* ndicho kilichozaa jina la heshima la mapokeo ya Kanisa. Kukabidhi ni kukabidhi. Waweza kukikabidhi kitabu kwa askari wa Kaisari, nawe waweza kukikabidhi kwa mwanao. Mkono wafanya tendo lile lile. Tofauti ni nani aliyesimama mbele yako.

Vitabu tulivyo navyo leo vimetufikia kwa mikono ya namna hii ya pili, na kazi waliyoifanya si ya mchezo. Mafunjo yalipoanza kuadimika Ulaya, watu waliandika juu ya ngozi. Ngozi ya ndama, ya kondoo au ya mbuzi ililowekwa katika maji ya chokaa, ikang'olewa manyoya, ikawambwa katika kiunzi cha miti kama vile sisi tuwambavyo ngoma, ikakwanguliwa kwa kisu kilichopinda mpaka ikawa nyembamba na nyeupe. Huko Uingereza ya Kaskazini, katika monasteri za Wearmouth na Jarrow, abate Ceolfrith aliwaandikisha wamonaki wake Biblia nzima tatu. Moja ingaliko, huko Florence katika Italia. Ina kurasa za ngozi zaidi ya 1,000, na uzito wake ni kama kilo 34, mzigo wa mtoto wa miaka kumi. Kwa kuwa ngozi moja ilitoa karatasi kubwa moja ya kukunjwa, zizi la ng'ombe kama 500 limo ndani ya kitabu kimoja. Mwaka 716 Ceolfrith, mzee sana, alifunga safari kumpelekea Baba Mtakatifu kitabu hicho. Alifia njiani, huko Langres katika Ufaransa, na kitabu kikaendelea bila yeye.

Mtakatifu Benedikto naye, katika Kanuni yake ya karne ya sita, aliagiza kwamba mwanzo wa Kwaresima kila mmonaki apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome kwa taratibu toka mwanzo hata mwisho. Tena akaagiza wazee mmoja au wawili wapite katika saa za kusoma, waangalie asiwepo ndugu mvivu aliyekaa bure au anayepiga soga. Mtakatifu yule aliwajua watu! Hakudhani kwamba kwa kuwa kitabu kipo, basi kitasomwa.

Juu ya mashine ya kupiga chapa hatuna haja ya kusema mengi. Johannes Gutenberg wa Mainz, kati ya miaka ya 1450, alizipanga herufi za madini na kupiga chapa Biblia ya Kilatini, nakala kama 180, na tangu hapo bei ya kitabu ilianza kushuka. Kwetu Wabenediktini walioanza Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walileta pamoja na sala kazi ya mitambo ya chapa, na vitabu vingi vya sala na nyimbo vilivyomo majumbani mwetu vimetoka mikononi mwao na mwa wanafunzi wao. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mama zetu na bibi zetu walikaa chini ya miembe, kalamu mkononi, ili waweze kusoma wenyewe. Wengi walifanya hivyo baada ya kutoka shamba, wamechoka.

Basi sasa tuingie katika nyumba zetu, kama alivyoingia karani wa Cirta, na kuandika tunachokiona.

Katika nyumba moja Biblia iko, ni zawadi ya harusi. Imo katika kabati la vyombo vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kurasa zake zingali zimegandamana kama siku ilipotoka dukani. Katika nyumba nyingine kitabu cha sala kimo sandukuni, kimekwisha kuliwa na mende pembeni. Katika nyumba ya tatu mtoto amemaliza darasa la saba, na madaftari na vitabu vyake vimeuzwa kwa kilo kwa muuza karanga. Ukinunua karanga jioni waweza kusoma nusu ya ukurasa wa historia kabla hujautupa. Katika nyumba ya nne Maandiko yamo ndani ya simu, nasi hatulaumu jambo hilo, kwa maana ni umbo jipya kama vile kitabu cha kushonwa kilivyokuwa umbo jipya. Twauliza tu: ni lini yalifunguliwa mara ya mwisho?

Hakuna askari mlangoni, wala amri ya Kaisari, wala moto uliowashwa uwanjani. Twavikabidhi kwa mende. Nabii Yeremia alipomwandikisha Baruku gombo, mfalme Yoyakimu alilikata vipande kwa kisu na kulitia motoni. Na Yeremia akamwandikisha jingine, likawa na maneno mengi kuliko la kwanza. Twaona kwamba moto haukulishinda Neno la Mungu. Lakini kitabu kisichochomwa na kisichofunguliwa hakimlazimishi Baruku kuandika tena, kwa kuwa kila mtu adhani bado kipo.

Twasema neno na wasomaji wa kanisani pia. Tangu mwaka 1972 huduma ya usomaji imewekwa wazi kwa walei, na mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliwafungulia wanawake nao waipokee rasmi. Yeye ndiye aliyeweka, mwaka 2019, Dominika ya Neno la Mungu. Heshima hii ni kubwa, nanyi mmeirithi kwa watu kama Emeritus. Je, yafaa basi msomaji akutane na somo mara ya kwanza akiwa amekwisha kusimama mbele ya waamini, akijikwaa juu ya majina ya wafalme wa Israeli kama mtu atembeaye gizani penye visiki? Wasomaji wa Cirta walilala na vitabu nyumbani. Wewe jumamosi jioni lilale nawe somo lako, ulisome kwa sauti mara tatu, na watoto wakusikie.

Kwa sauti, twasema. Watu wa kale walizoea kusoma hivyo hata walipokuwa peke yao. Filipo alijua yule mtu wa Ethiopia asoma nabii Isaya kwa sababu alimsikia garini mwake, na Mtakatifu Augustino alistaajabu alipomwona Mtakatifu Ambrosio akisoma kimya, macho yakienda na midomo imetulia. Kusoma kimya ni kwema. Walakini katika nyumba yenye kitabu kimoja na watu saba, kusoma kimya kwamshibisha mmoja na kuwaacha sita na njaa.

Kama nyumbani mwenu hamna desturi hii, anzeni kwa Injili ya Marko. Ina sura 16, nazo ni fupi. Sura moja kila jioni baada ya chakula, kabla ya Rozari, na kwa siku 16 mmemaliza. Asome yule ajuaye kusoma vizuri zaidi, hata akiwa mtoto wa darasa la nne, na baba asione haya kumsikiliza. Jalada likichanika, lishoneni kwa uzi imara mgongoni, kama lilivyoshonwa tangu mwanzo; gundi peke yake haidumu. Na kitabu kikae mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, mkono wa mtoto waweza kupafikia, na maji ya mvua hayapafiki.